Nyusi Zangu na Kilio cha Koboko

Nichekeni tu, hata mimi ningejicheka, ila mcheke polepole, maana ndani ya aibu hii yumo mume wangu.

Sadiki alikuwa askari, na vita vya mwaka sabini na tisa vilipotufikia yeye alivukia Sudan, mimi na mama tukavukia Kongo (kila mtu alikimbia kule miguu ilikompeleka). Mama alifia hukohuko. Niliporudi nilipanga chumba Oli, pale Arua, nikawa nauza mandazi na jioni kupika chai ya mtu mmoja, miaka nenda miaka rudi. Siku moja abiria wa lori akaniletea salamu: Sadiki anashuka na lori la Ijumaa kutoka Sudan, nikamngojee mji wa mpakani, Koboko, kwa shangazi yangu.

Sasa nisikilizeni ujinga wangu. Pale sokoni Arua wanawake wa Kongo walikuwa na nyusi nyembamba, zimechorwa kama uzi, nami nikasema, huyu bwana aliniacha msichana, asinikute kizee. Alhamisi asubuhi nikachukua wembe na kipande cha kioo. Nikanyoa kidogo kushoto, kukapanda. Nikapunguza kulia ili zilingane, kulia kukashuka. Nikarudi kushoto, na mnamjua yule fundi anayekata miguu ya kigoda mpaka kigoda kinakaa chini? Ndiye mimi. Nyusi zote zikaisha. Nikalia, nikachora nyingine kwa wanja, nikajifunga kitambaa hadi karibu na macho, nikapanda nyuma ya pikapu ya Koboko.

Jua lile, vumbi lile! Nilipofika kwa shangazi Asina wanja ulikuwa umeshuka mpaka mashavuni. Sasa, shangazi ni mtu wa kijiji cha Dranya, na kwao mwanamke akifiwa na mumewe hunyolewa kichwa. Akaniangalia: kitambaa kimebana, nyusi hakuna, machozi meusi. Hakuuliza. Alitupa ungo akajishika kichwa.

"Uwii! Mutoto yangu! Sadiki mekufa na hakuna mutu naniambia!"

Nikafungua mdomo nikatae, lakini majirani walishafika, yowe juu ya yowe, mmoja kanishika mabega, mwingine ananipangusa uso kwa kanga yake, na mimi (huu ndio uamuzi mdogo ulioniponza) nikanyamaza. Sitawaficha. Tangu mama afe hakuna mtu aliyekuwa amenishika hivyo. Nikasema moyoni, acha wanishike kidogo tu, halafu nitasema.

Kidogo ikawa kubwa. Mikeka ikatandikwa, moto ukawashwa uani, wanawake wakaleta unga wa muhogo na kuni, mtu akatumwa kumwita shehe. Kila nilivyochelewa ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema kweli. Shehe alipoingia tu, mama mmoja alinivuta kifuani kwake kwa huruma, na kitambaa kikavuka.

Misuko yangu ikadondoka mabegani, mipya, inang'aa mafuta.

Shangazi akaushika msuko mmoja, akauvuta.

"Kumbe nywele iko!" akasema shangazi. "Sasa nani mekufa?"

"Hakuna mtu, shangazi. Sadiki anakuja kesho. Nilitaka kujipamba, wembe ukanishinda."

"Na wewe naacha sisi nalia hivi?"

Nikainama kuokota kitambaa. Wanawake wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Shehe aliangalia pembeni akisema nyusi za Mungu haziguswi, na mama yule wa kifua akachukua unga wake akaenda. Jua lilipotua tulibaki shangazi na mimi na mikeka mitupu.

Ijumaa nusu ya Koboko ilikuja kwenye lori kumwona huyo marehemu anayeshuka. Nilisimama mbele, nimejichora upya. Wakashuka watu, magunia, mbuzi. Nikamwuliza dereva.

"Sadiki? Huyo mutu mimi hapana jua, mama."

Hapo hakuna aliyecheka. Waliondoka mmoja mmoja, hakuna aliyenishika, maana mtu atakulilia vipi mara mbili kwa mume mmoja? Shangazi peke yake alinitengenezea kitambaa, akanishika mkono, tukarudi nyumbani.

Wembe sikuugusa tena, wala sitaugusa. Kabla mwezi haujaisha nyusi zangu zilikuwa zimerudi, nene kama zamani, zikanikuta Oli napika chai ya mtu mmoja.