Neno "funga" limemchafulia jina muuguzi wa Mulongo

Admin, ficha jina langu. Majina ya wengine nimeyabadilisha mwenyewe. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi hapa Kamina. Ninaandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Ninafanya kazi ya kompyuta kwenye depo ya dawa ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Tunamwita Yaya Donat; kwetu yaya ni kaka mkubwa. Depo inatuma dawa kwa vituo vya afya vya Kabongo, Mulongo na vijiji vya mtoni. Programu ya maagizo niliitengeneza mimi. Mwaka huu Yaya akataka tuweke IA, yaani akili mnemba, ipokee ujumbe wa wauguzi na kushughulikia maagizo yenyewe.

Kwa wasioijua kazi hii: IA haioni depo wala rafu. Inapewa zana, moja ya kutafuta dawa, nyingine ya kutuma mzigo, na kadhalika. Kando ya kila zana kuna maelezo. Inasoma hayo, halafu inachagua. Ukiyaandika ovyo, itachagua ovyo.

Tulikuwa na zana ya zamani iliyoitwa "funga agizo". Kwetu maana yake ni kulifuta, dawa ikarudi rafuni ikauzwa kwa mwingine. Lakini nani hapa hajui kwamba kufunga ni pia kufunga mzigo usafiri? Ndiyo maana nikaandika waziwazi: zana hii inafuta agizo na hakuna kurudi nyuma, haifungi mzigo, haitumi kitu, itumie pale tu muuguzi amesema hataki tena dawa, na umuulize kwanza. Nikaongeza mifano ya ujumbe jinsi wauguzi wanavyoandika kweli.

Yaya Donat alisoma akacheka. "Ile maelezo iko mingi, utazani unafundisha mutoto wa primaire," akasema. "Hii mashine iko na akili kutupita siye bote. Itaelewa yenyewe." Akafuta yote kwa mkono wake, akaacha maneno mawili tu: Funga agizo. Nilipobisha, akawaambia wafanyakazi kwamba wanawake tunapenda maneno. Wakacheka naye.

Baadaye Mado, muuguzi wa kituo kimoja upande wa Mulongo, akaandika tumfungie insulini yake, ataipokea kwenye boti. Unaona? Alimaanisha tuipakie. IA ikachukua zana ya kufunga, ikafuta agizo, kisha ikamjibu kwa adabu kwamba agizo lake limefungwa. Mado akashukuru. Akawaambia wagonjwa wake watulie, dawa iko njiani. Insulini ileile ikanunuliwa na kliniki moja ya hapa mjini.

Boti ikafika bila kitu. Mgonjwa wake mmoja, Mama Ngoie, mke wa katekista, alikuwa amemaliza dawa ya mwisho. Tulipopata nyingine na kuipeleka, walikuwa wameshamzika.

Katekista alipopiga simu depo kuuliza, Yaya alimjibu kwamba dawa ilikuwepo, na kwamba depo ilifanya kile Mado alichoomba. Basi. Kijiji kikaelewa kwamba dawa ilitoka, Mado akaiuza. Mwanamke aliyewazalisha nusu ya akina mama wa kile kijiji! Alinipigia analia. "Banasema minyi njo niliuzisha dawa ya Mama Ngoie," akaniambia. "Hata bamama ya kanisa habanisalimie tena."

Nilikwenda kwa Yaya nikiwa na mume wangu. Nikamwonyesha kwenye kompyuta hatua kwa hatua jinsi ilivyokuwa. Alielewa, msidhani hakuelewa. Akafunga mlango wa ofisi, akaniambia polepole: "Tutaenda Mulongo siye babili. Weye njo technicienne wa kompyuta, banakuamini. Utasema Mado aliandika mubaya." Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nyumbani nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema huyo ni yaya yake, ndiye aliyemsomesha, nyumba tunayolala ni yake, na nikimwangusha nimetuangusha wote. Tangu hapo hatuongei vizuri.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Nilirudisha maelezo yangu kwenye ile zana. Yaya akayaondoa tena, akaninyima ruhusa ya kugusa programu, kwa sababu kuyarudisha ni kukiri kwamba yalihitajika. Kwa hiyo mpaka ninapoandika hapa, maneno ni yaleyale mawili, na wauguzi wanaendelea kutuma ujumbe. Nimeanza kuwapigia kwa siri mmoja mmoja, nawaomba wasiandike "funga", waandike "mutume". Mtu mzima na diploma yangu, ninajificha nyuma ya jiko kurekebisha kwa simu kitu ambacho kingerekebishwa kwa mistari minne.

Safari ya Mulongo ni wiki hii. Katekista na wakubwa wa kijiji watakuwepo, Mado pia. Yaya ameshaniambia nivae vizuri.

Nyinyi wenye wakwe, nyinyi mnaokula mezani pa mtu kama mimi, nisaidieni mawazo. Nikisema kweli mbele ya watu wale, ninarudi Kamina kulala wapi na watoto? Na nikisema uongo, Mado atanitazama, nami nitaweka wapi macho yangu?