Vichwa Visivyo na Midomo

"Wateja wananicheka. Wanasema hapa pananyolewa maiti," kinyozi alifoka, mashine bado inanguruma mkononi. "Jionee mwenyewe. Vichwa vitatu, hakuna mdomo hata mmoja."

Mchoraji, ambaye mtaa mzima unamwita Brashi, alitazama. Vichwa alivyovichora mwaka juzi kwenye ukuta wa kinyozi vilikuwa vimeliwa na mafuriko hadi puani. Juu zilibaki nywele na macho, chini tope lililokauka.

"Maji sikuyaleta mimi, kaka."

"Rangi si yako?"

Hapo damu ikamchemka, maana kila mlango wimbo ulikuwa huo huo. Muuza nyama alimlaumu kwa ng'ombe asiye na miguu. Fundi cherehani kwa gauni lililobaki mabega. Zamani mvua ikipiga, maji yaliishia mtaroni. Siku hizi inakuja isipotarajiwa, inamwaga ya mwezi mzima kwa asubuhi moja, na bwawa lililokuwa likiyameza maji limefukiwa, limejengwa ghala. Mwenye ghala haulizwi. Wenye viwanda vinavyofuka moshi wa kuvuruga mvua tangu babu yake hajazaliwa, hawaulizwi. Anaulizwa mtu mwenye ndala na kopo la rangi.

"Basi tuyamalize," kinyozi akalegeza sauti. "Nimeagiza bango la plastiki, la kuchapisha. Maji yakija nalikunja, natia kwapani, nasepa nalo. We nipakie chokaa tu hapo, pawe peupe."

Brashi alihisi kama kazabwa kofi mbele za watu. Chokaa hata mlevi anapaka. Yeye aliacha shule kwa ajili ya kazi hii, baba yake akamwambia shauri yako, na kilichomfanya atembee kifua mbele ni kimoja tu: watu wakipita, walijikuta ukutani. Wenzake walinakili sura za magazetini, yeye alichora watu wa mtaa. Kichwa cha katikati kilikuwa cha kinyozi mwenyewe.

"Chokaa jipakie," alisema. Akapiga magoti kwenye tope, akakwangua ukuta kwa kisu, akafungua kopo.

"Hiyo silipi, mdogo wangu."

"Nani kakudai?"

Akachora midomo. Si ile ya mwanzo ya kutabasamu kama kwenye picha ya kitambulisho kipya. Hii aliichora ikiwa wazi, kama ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya barabara na mwenzake anajifanya kiziwi. Wateja wakatoka, mmoja kanyolewa nusu kichwa. Hakuna aliyecheka.

"Huyu wa katikati anamgombeza nani?" aliuliza wa nusu kichwa.

"Muulize, si huyo hapo nyuma yako?" Brashi alijibu.

Kinyozi akasogea, akajitazama weee. "Meno yangu hayako hivyo," alisema mwishowe.

"Yakoje?"

Kinyozi akaachama, akaonyesha pengo. Brashi akalichora palepale.

"Bango litakaa mlangoni," kinyozi akanung'unika. "Ukuta uache. Lakini maji yakirudi?"

"Yatafuta, na mimi nitachora tena. Ila siku hiyo, kelele zako zipeleke kule ghalani. Mimi usinifuate."

Akaifuta brashi kwenye suruali, akatazama juu. Wingu lilikuwa limeanza kujikusanya.

"Mama kaanika godoro kwenye bati, na peke yake hawezi kulishusha," alisema, akakamata kopo lake, akaondoka mbio.