Mgomba Tuliouzika Nyangezi

Tangu ziwa lilipomchukua mume wangu sijala sambaza. Wenzangu hapa Bukavu wanaona ni madeko, maana mtu wa mji huu asiyekula sambaza atakula nini. Lakini mimi najua wale samaki wanaishi wapi na wanaishi na nani.

Mume wangu alikuwa mwalimu huko Kalehe, ng'ambo ya ziwa. Kila Ijumaa alirudi nyumbani kwa boti, kwa kuwa barabara ilikuwa imetuchosha sote, na Ijumaa moja upepo ukaipindua boti. Wengine waliokolewa. Wengine waliopolewa siku zilizofuata, mmoja mmoja, na kila maiti ilipofikishwa ufukweni nilikwenda kuitazama. Yeye hakufika.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza rozari katika shirika letu la Kadutu, jumuiya ndogo ya parokia, kwa hiyo akina mama wa shirika wakaja kwangu tukaanza novena, sala za siku tisa. Sikuomba awe hai, sikuwa mjinga kiasi hicho. Niliomba mwili tu. Novena ikaisha, tukaanza nyingine, ziwa likakaa kimya na Mungu vilevile. Tangu hapo mimi na Mungu tukawa kama majirani waliogombana: kusalimiana ndiyo, kukaribishana hapana. Misa nilikwenda, watu wasije wakanisema, ila tulipofika kwenye Nasadiki, pale penye ufufuko wa miili, nilifunga mdomo. Mwili upi?

Kwao mume wangu, kijijini Nyangezi, mtu aliyepotea bila maiti haachwi hivihivi. Hukatwa shina la mgomba, likaviringishwa katika shuka, likalazwa kaburini na kuliliwa kama mtu, ili roho yake iache kutangatanga. Ukoo ulimpa kazi hiyo mdogo wake mume wangu, shemeji yangu anayefanya kazi ya ofisi mjini. Alikwenda shambani peke yake, akakawia, akarudi amebeba kitu kizito kilichokwisha kufungwa kwenye shuka. Kaburi halikuchimbwa refu; mgomba haunuki. Nikatupa udongo wangu, nikalia kwa sababu wote walikuwa wakilia, na moyoni nikasema tumezika ndizi.

Roho haikuacha kutangatanga. Nyumbani nilisikia kandambili zake koridoni alfajiri, ya kushoto ikiburuta kidogo kama kawaida yake. Nilipasha maji ya kuoga, nikayamimina kwenye ndoo yake, kisha nikabaki nimesimama nikiyatazama yakipoa. Niliogopa zile kandambili. Niliogopa pia zisije zikanyamaza.

Mvua zilipoanza, mama mkwe akanipigia simu kuniambia kaburi limeota. Nilipanda kwenda Nyangezi nikiwa na hasira, nikidhani uzee umeanza kumchezea. Nikakuta kweli: chipukizi la mgomba limepasua udongo pale tulipomlaza, jani lake la kwanza bado limejikunja. Majirani walikuwa wamekwisha kugawanyika. Wapo waliosema marehemu amekataa kufa, wapo waliosema yuko hai kwenye kisiwa kule ziwani na amepoteza kumbukumbu. Mama mkwe alichagua maneno ya hao wa pili. Jioni ile alipakua sahani ya bugali, akaifunika, akaiweka karibu na moto, na alifanya hivyo kila jioni kwa muda wote ule mgomba ulipokuwa ukikua.

Kukata tamaa nilikuwa nimekwisha kuzoea. Tumaini ndilo lililonitisha. Kila nilipokwenda, mgomba ulikuwa umenipita kwa urefu zaidi, majani yamechanwachanwa na upepo, na mimi, mwanamke niliyesoma, niliupita kwa mbali nikiwa nimeinamisha macho. Hatimaye ukazaa. Mkungu ukanenepa, ukaanza kugeuka rangi, na hakuna mtu aliyethubutu kuugusa.

Lakini mgomba uliozaa hukatwa, la sivyo mkungu huanguka ukaoza. Jumamosi moja mama mkwe alituita uani, akauliza ni nani atakayemkata mwanawe. Ndipo shemeji akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi," akasema. "Ile siku nilinyanyua mupanga, mukono ikakataa. Sikuweza kumukata kaka yangu. Njo nikamungoa na mizizi yake yote, nikamufunga vile."

Basi, hapakuwa na mzimu wala muujiza. Tunguu la mgomba likifukiwa karibu na uso wa udongo, likanyeshewa mvua, litachipua, hata likiwa limevikwa shuka. Nilimtazama mama mkwe nikingoja avunjike. Alijifunika uso kwa kitenge.

"Haukumukata?" akauliza.

"Sikumukata, mama."

"Basi alienda muzima."

Nikalia, na safari hii si kwa sababu wengine walikuwa wakilia. Kwa nini jambo lile lilinigusa kuliko novena zote, sijui vizuri. Nilikuwa nimemtafuta Mungu ziwani, nikamkosa, nikamnunia. Labda wakati huo alikuwa shambani, amesimama na panga asiloweza kulishusha. Jioni ile sahani haikuwekwa karibu na moto. Shemeji aliukata mgomba polepole, akiushikilia kwa mkono wa pili usianguke kwa kishindo.

Mama mkwe alikataa ndizi zile zisigeuzwe kasiksi, pombe ya ndizi, wala zisipelekwe sokoni. Zingekwenda parokiani kama matoleo. Jumapili tukasimama nyuma kabisa ya kanisa, mkungu uko miguuni petu. Ikaja Nasadiki. Pale penye ufufuko wa miili sauti yangu ilitoka imekwaruza, na sikuwa na hakika, lakini nilitamka. Kandambili nazisikia hadi leo, sitawadanganya.

Kisha ngoma zikaanza na mstari wa matoleo ukasogea. Mama mkwe akanitwika mkungu kichwani, akaniegemea sikioni.

"Umushike muzuri bwana yako," akaninong'oneza.

Nikamshika kwa mikono miwili, tukaanza kucheza kuelekea altareni.