Kigae cha Mahame Kilichompigisha Griffins Magoti

Mwanaume mzima, mwenye nyumba Thornton Heath hapa Landani, alipiga magoti kwenye matope akiwaomba msamaha Wazungu waliokufa karne nyingi zilizopita.

Mimi ndiye niliyempeleka. Na sijutii hata kidogo.

Anaitwa Griffins, mtu wa Watamu, pwani ya Kenya. Alinikodishia chumba, kisha akanitoa mimi na binti yangu Kendi mvua ikinyesha, vitu vyetu ndani ya mifuko ya takataka. Alitaka chumba cha wageni wa wikendi.

"Gakii, wacha drama," aliniambia. "Wageni wangu wako njiani."

Kendi analia, yeye anabadilisha kitasa.

Nikaapa: huyu atamwomba mtoto wangu msamaha.

Baadaye Alka, nesi mwenzangu, alitupeleka kwenye shamba nje ya Landani anakojitolea kuchimbua mambo ya kale. Mimi niliona nyasi na vituta tu.

"Hivi vituta vilikuwa nyumba," alisema. "Mwenye ardhi alifukuza kijiji kizima ili afuge kondoo."

Damu ikanichemka. Kumbe akina Griffins hawakuanza leo!

Hapo nikakumbuka kitu. Griffins anaogopa mahame, vijiji vilivyohamwa, kuliko polisi. Tukiwa bado tunaelewana, aliniambia kwao ukibeba hata jiwe la mahame, wenyewe waliokufa wanakufuata mpaka kwako.

Nikadumbukiza kigae chenye udongo kwenye tundu la barua mlangoni kwake. Kisha nikamtumia picha ya lile shamba: "Waliofukuzwa wamekuja kuona chumba."

Alipiga simu kabla sijafika kituo cha basi.

"Gakii! Umeniletea nini?"

"Cha mahame. Usikitupe, utawaudhi."

"Sasa nifanyeje, dadangu?"

Leo mimi ni dadake!

"Kirudishe mwenyewe. Upige magoti, umtaje kila uliyemfukuza."

Jumamosi tukaenda naye shambani, mimi na Kendi. Alikikumbatia kigae, akataja majina. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani. La mwisho likawa la mwanangu.

"Kendi, nisamehe."

"Mum, is he crying?"

"Analia, mama. Mwangalie vizuri."

Griffins akaniuliza kama wenyewe wamemsamehe. Nikamwambia bado wanafikiria.

Sasa niwaambie ukweli. Kule shambani sikubeba chochote; Alka asingekubali. Kile kigae ni cha chungu changu cha maua kilichovunjika. Angekifuta udongo tu, angeona stika ya bei.

Ndugu zangu, kabla hujamtupa mtu nje, kumbuka kwanza ulimsimulia unaogopa nini.