Maua ya Kumpelekea Mkwe

Kituoni Gitega, mwanamke aliyeketi kando yangu alikuwa amepakata ndoo ya miche yenye maua madogo ya zambarau. Mfanyabiashara Mkongo akamuuliza, “Mama, hii iko mboga?”

“Maua, baba. Yanatambaa chini ya mparachichi, kwenye kivuli ambako nyasi zinakataa kuota. Mama mkwe alipokuja kunitembelea, aliamka mapema akayalima yote kwa jembe, akafagia uwanja. ‘Mwanangu, nimekutolea magugu.’ Nikamshukuru.”

“Yakakufa?”

“Mvua ya kwanza tu yakarudi, yakachanua. Sasa nampelekea huko kwao Muyinga, apande kwake.”

“Na akiyalima tena?”

Akaifunika ndoo kwa kitenge, taratibu. “Ayalime tu. Safari hii yatamrudia yeye.”

Kwetu mkwe hajibiwi kwa mdomo. Kumbe kwa ndoo anajibiwa.