Macho ya Baba na Mstari wa Penseli

Baba yangu ni seremala. Alifanya kazi miaka mingi katika karakana ya kiwanda hapa Likasi, na alipostaafu akaihamishia kazi uani kwetu, mtaa wa Kikula: meza nzito, randa, patasi tatu, na penseli ambayo haitoki sikioni hata akienda misa. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hiyo tangu nizaliwe hakuniita jina langu. Aliniita “mama”. Nilipokuwa mtoto nilijivuna sana kwa hilo mbele ya wenzangu.

Mama yangu alipofariki, baba ndiye aliyemtengenezea sanduku. Sisi wanawake tulikuwa tumeketi chini ndani ya nyumba, tunalia, na katikati ya kilio tulisikia randa uani, inakwenda na kurudi, siku nzima. Alipoingia kupima urefu wa marehemu, uso wake ulikuwa mkavu. Makaburini pia hakutoa tone. Ulimi hauna mfupa, na wangu huzuni iliunoa zaidi. Tuliporudi nyumbani nilimwambia mbele ya wajomba na majirani:

“Papa, weye iko na macho makavu.”

Kila mwenye Kiswahili anajua kwamba hilo ni tusi. Maana yake huna haya, huna moyo. Baba alinitazama kidogo, kisha akatoka kwenda kufagia maranda yaliyobaki chini ya meza. Kuanzia siku ile aliniita kwa jina langu, kama wanavyoniita watu wa sokoni.

Maji yakimwagika hayazoleki. Tuliishi ua mmoja miaka mitatu. Nilikwenda kufundisha shuleni, nikarudi, nikasonga bukari, ugali wetu, akala, akasema asante. Nilijiambia kwamba nilisema kweli, na kwamba mtu anayesema kweli haombi msamaha. Nilikuwa mjinga mwenye kiburi, sina jina lingine la kujipa.

Kulikuwa na kazi moja ambayo baba hakuimaliza. Alikata msalaba wa kaburi la mama kwa mti wa mulombwa, ule mwekundu, akaunga mikono yake vizuri, ikabaki kuchonga jina. Hakutaka kuandika kwa rangi, alitaka herufi ziingie ndani ya mti kwa patasi. Lakini macho yalianza kumsumbua. Yaliwaka kana kwamba yana mchanga. Pindo za kope zilikuwa nyekundu, asubuhi zimeshikamana, na upepo wa kiangazi ukipita yalimwaga maji ovyo. Alichora mstari, akaufuta, akachora tena. Novemba tatu zilipita, kila moja na siku yake ya kuwaombea marehemu, na kaburi la mama lilikuwa na kijiti chenye namba tu. Baba alisimama mbele ya kijiti kile, na niliona kilivyomtesa.

Mwezi wa sita, baridi ilipokuwa kali, nilimkuta anaosha macho kwa chai ya rangi. Nilimfokea, nikamshika mkono mpaka kwa muuguzi wa macho. Muuguzi, kijana mpole, alimgeuza ukope, akaubonyeza kwa pamba. Pembeni mwa ukope kikatoka kitu kizito cheupe, kama dawa ya meno.

“Muzee,” akasema, “iko macho makavu.”

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba hakunitazama. Aliuliza kwa sauti ndogo:

“Makavu namna gani, na inatoka mayi kila saa?”

“Mu kope muko vitundu vidogo ya mafuta. Mafuta ile njo inafunika machozi, isikauke. Ya kwako imeganda, vitundu vimezibana. Alors machozi inakauka mbiyo, jicho inawaka, inamwanga mayi ya bure.” Akaitupa pamba. “Muzee, mawese mu chupa, mu hii baridi, inakuwa je?”

“Inaganda.”

“Utapasua chupa?”

“Hapana. Nitaiweka mu mayi ya moto.”

“Voilà.”

Akatufundisha. Kitambaa safi, maji ya moto yasiyounguza, juu ya macho yaliyofumbwa, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, kikipoa kibadilishwe. Kisha kidole kilichonawa kikande ukope taratibu, wa juu kushuka, wa chini kupanda, kuelekea kwenye nywele za kope, na pindo zipanguswe kwa maji yaliyochemshwa. Chai na dawa za majirani, basi. Alituonya kwamba ni kazi ya wiki nyingi, na kwamba tukiacha mafuta yataganda tena.

Tulikuwa tumeshasimama kuondoka baba alipogeuka.

“Muganga, hii ugonjwa inaweza kukataza muntu kulia? Ku kilio?”

Swali hilo lilikuwa kinywani mwangu. Nilitaka muuguzi aseme ndiyo. Nadhani sote wawili tulitaka hivyo.

“Hapana, muzee,” akajibu. “Machozi ya huzuni inatoka fasi ingine. Ile inakuya tu.”

Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Kesho yake nikawasha mbabula, jiko letu la makaa, mapema, nikachemsha maji, nikayapima kwenye kifundo cha mkono kama ya kumwogesha mtoto. Baba aliketi kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea ukuta. Nilipoweka kidole kwenye ukope wake alinisukuma.

“Unanifumba macho. Niko maiti?”

Na kweli, kwetu mtoto hamshiki baba usoni, isipokuwa siku ile ya mwisho. Nilimwambia kwamba muuguzi ndiye aliyeamuru. Akanung'unika, akaniacha niendelee. Asubuhi hiyo mikono yangu haikujua ibonyeze wapi. Baada ya wiki mbili ilikuwa imezoea, na hata yeye alianza kuniita mwenyewe maji yakichelewa.

Siku moja, kitambaa kikiwa machoni, alianza kusema, bila mimi kumuuliza.

“Siku ile ya sanduku. Ukilia, hauone mustari. Musumeno inapita pembeni. Miye nilisema, nikate kwanza, nitalia kisha. Mama yako hawezi kulala mu sanduku ya kupinda.” Akakirekebisha kitambaa. “Ile kisha ikakuya. Nikangoya machozi. Ikakatala.”

Nilisimama na kitambaa kingine mkononi, kinanidondoshea maji miguuni. Miaka mitatu nilikuwa nimeisikia randa ile kichwani mwangu na kuichukia, na kumbe ndiyo ilikuwa kilio chake. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Kwa kuwa hakuweza kuniona, niliweza kusema.

“Papa, neno ile nilisema mbele ya bantu. Unisamehe.”

Chini ya kitambaa sikuweza kuusoma uso wake.

“Kitambaa iko baridi,” akasema. “Lete ingine.”

Nikaleta. Hakuniita mama, na sikuwa na haki ya kumdai.

Tuliendelea hivyo mpaka baridi ikaisha, mpaka joto la mwezi wa kumi likaja na mawese yakawa maji kwenye chupa. Macho ya baba hayakuwa mapya, lakini wekundu ulipungua, maji ya bure yakaacha kumtoka, na asubuhi moja alitoa penseli sikioni, akachora mstari, akaukubali. Msalaba aliuchonga mwenyewe saa nilizokuwa shuleni. Nikirudi niliukuta umefunikwa gunia, naye hakutaka niufunue.

Siku ya marehemu mvua ilikuwa imeanza. Tulikwenda makaburini miguu imejaa matope, yeye amebeba msalaba begani, mimi jembe. Nilichimba, akausimamisha, tukashindilia udongo kwa visigino. Akaondoa gunia.

Jina la mama lilikuwa pale lote. Herufi zilikuwa zimenyooka, zina kina kimoja, zimekaa juu ya mstari wake kama askari. Isipokuwa ile ya mwisho. Ile ilikuwa imeinama, na patasi ilikuwa imeteleza ikaacha mkwaruzo mrefu mpaka ukingoni. Nami, na ulimi wangu huu usiojifunza, nikaanza:

“Papa, macho ingali inasumbua? Turudi kwa muganga.”

Baba alipitisha kidole gumba juu ya herufi ile, polepole, mpaka mwisho wa mkwaruzo.

“Hapana, mama,” akasema. “Hapa haikuwa ugonjwa.”