Mgeni Wetu Alipomzima Mama Mkwe

Jamani, hili nimelinyamazia miaka, maana aliyelowa ni mama wa mchumba wangu, aliyemlowesha ni mgeni wangu mwenyewe, na aliyefunga mlango ni mimi.

Ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Mapinduzi, walimu wa Ujerumani ya Mashariki wanaingia Unguja, na mmoja wao, Bi Helga, niliyekuwa nikisomesha naye skuli moja, akakaa kwetu Malindi mpaka nyumba yake iwe tayari. Mpole, mchapakazi, ila haishi kuuliza: kwa nini mnakula kwa mkono, kwa nini bibi anazungumza na paka (hilo hata mimi silijui), na kila akiuliza nami nayatazama mambo yetu kwa macho yake, nayaona yote ya kishamba.

Basi siku hiyo kuna harusi mtaani, na Bi Rukia, mama wa mchumba wangu, akaja kutoka Kiembe Samaki avalie kwetu. Mwanamke mzito, posa yenyewe alikuwa bado hajakubali iletwe kwetu. Akaomba chetezo ajifukize udi. Nikajisemea, Helga akimwona mtu mzima kasimama juu ya makaa, moshi unamtoka shingoni, atakwenda kusema nini kwao? Nikampeleka Bi Rukia chumba cha juu, nikafunga mlango, nikamwambia Helga kule hakuna mtu, nikashuka jikoni.

Sasa mtu kaambiwa chumba kitupu, akipita akaona moshi chini ya mlango, afanye nini? Alichukua ndoo ya chooni (maji masafi, lakini ni ya chooni), akafungua, akamkuta Bi Rukia katanua mikono, moshi unatoka kila upenyo wa gauni, akammwagia yote. Kisha akachungulia dirishani akaita, "Watu, moto!" Mtaa mzima ukapanda na ndoo, wanaume kwa wanawake, na Bi Rukia kichwa wazi, ikabidi nisimame mlangoni niwazuie, na muuza kahawa, aliyetangulia, akanimwagia mimi.

Walipoondoka, Helga akamshika mkono Bi Rukia, kwa Kiswahili chake cha kitabuni akamwambia, "Usiogope, bibi. Sasa umezimika."

Bi Rukia akajipangusa uso. Akanigeukia mimi.

"Hukumwambia kama nimo humu?"

Nikababaika, nikasema niliona haya, mgeni asije akatushangaa.

"Kumbe sisi ndio wa kufichwa," akasema, taratibu, maji yanamchuruzika. Nikajua posa ishakwenda.

Lakini akaagiza makaa mengine. Akamkalisha Helga, akamfukiza mikono, akamfukiza nywele, mwisho Helga mwenyewe akaomba kusimama juu ya chetezo, na Bi Rukia akacheka mpaka akaketi. Wakaenda harusini wameshikana, Helga ananukia udi, Bi Rukia, lake limelowa, kavaa gauni la mama yangu lililomwishia kwenye miundi, na huko Bi Rukia akakihadithia kisa mwenyewe, hakuniachia hata pa kujificha.

Posa aliileta, ila alinichelewesha makusudi mpaka nikakonda.

Tangu hapo mgeni akija kwangu namwonesha kila kitu, chetezo, mbuzi ya nazi, hata asichouliza. Mume wangu ananiambia nawachosha watu. Na niwachoshe, sifungi mlango tena.